Amri Inasubiri Mtandao

Sehemu ya saba

"Nimeshaifuta."

Hapo ndipo tulipomwacha Mvuke wiki iliyopita, amesimama mlangoni mwa chumba cha seva.

"Umefuta nini, kaka?"

"Simu yako. Yote nzima. Jana si uliandika kwamba imepotea? Mtu akiandika simu imepotea, mimi nabonyeza futa. Ndiyo kazi niliyobakiziwa hapa."

Aliyesema hivyo ni fundi kompyuta wa kiwanda, ambaye wote wanamwita Bwana Seva. Jina lilimbakia, seva zenyewe hazipo. Zamani chumba hiki kilikuwa na makabati manne ya chuma yaliyonguruma kutwa nzima. Mwaka jana yalibebwa yakaondoka. Sasa kila kitu cha kiwanda kinakaa kwenye wingu, yaani kwenye makompyuta ya watu wengine, mbali huko, yanayokodishwa. Chumbani zimebaki alama za miguu ya makabati sakafuni, meza moja, laptopu moja na Bwana Seva.

Mvuke alishika fremu ya mlango.

"Haijapotea," alisema.

"Nini?"

"Simu. Haikupotea. Niliongopa."

Kwa nini aliongopa? Tukumbushane haraka, maana saa inakwenda.

Mvuke ndiye binti anayeangalia boila, tangi la kuchemshia maji yawe mvuke, katika kiwanda hiki cha kufua mashuka ya hospitali. Zamani kando ya boila lilining'inia daftari kwa uzi, ukisoma geji, kipimo cha nguvu ya mvuke, unaandika. Wingu lilipokuja, daftari likaondolewa. Kila mfanyakazi akaambiwa atumie simu yake mwenyewe: weka programu ya kazi, rekodi, tuma.

Juzi, saa moja na dakika kumi asubuhi, Mvuke alikuta geji imepanda na valvu ya usalama haiachii mvuke. Akarekodi video. Akabonyeza tuma. Lakini chumba cha boila kina kuta za chuma na mtandao hauingii, kwa hiyo ripoti ikabaki imeandikwa "inasubiri". Akakimbia kumwambia msimamizi wa zamu kwa mdomo. Msimamizi akatazama saa yake, akasema, "Endelea, nakuja." Hakuja. Nusu saa baadaye bomba la rola ya tatu, mashine ya kupigia pasi mashuka, likapasuka, na mvuke ukamuunguza mpiga pasi wa rola hiyo, mwanamke anayeitwa Mama Rola.

Katika purukushani ya kumtoa, simu ya Mvuke ilianguka, kioo kikavunjika, ikazima. Haikugusa mtandao hata dakika moja. Kesho yake akaipeleka kwa fundi simu wa mtaani, na hapo ndipo alipojikwaa. Sheria ya programu inasema simu yenye kazi za kiwanda haipelekwi kwa fundi wa nje. Wote waliikubali sheria hiyo kwa kidole, bila kuisoma. Alipoulizwa simu iko wapi, akaogopa, akaandika: imepotea.

Leo saa nne kamili kuna kikao. Msimamizi anasema hakuambiwa kitu. Kwenye wingu, ukurasa wa asubuhi ile ni mtupu. Bila ile video, Mvuke ananyang'anywa kibali cha boila alichokisotea miaka mitatu, na anatoka kiwandani akiitwa mtu aliyemuunguza mwenzake.

"Kwa hiyo video imekwenda?" aliuliza.

Bwana Seva aligeuza laptopu, akashuka na orodha ya simu za wafanyakazi, akasimama kwenye moja.

"Subiri kwanza. Simu imezimwa?"

"Ilizima yenyewe juzi. Iko kwa fundi simu wa mtaani, mama ataipitia. Na laini nimeitoa, nimeiweka kwenye hiki kisimu cha vitufe."

"Basi tazama hapa."

Mbele ya jina la simu yake palikuwa na maneno matatu: Amri inasubiri mtandao.

"Maana yake nini?"

"Maana yake nimeamuru, lakini simu haijasikia. Ni kama mtu aliyelala. Siku itakapogusa mtandao wowote, waifai, bando, hotspoti ya jirani, itaisikia amri na itajifuta yenyewe. Picha, namba za watu, video. Haibakizi kitu."

"Si video itajituma kwanza?"

"Amri ni neno moja. Video yako ni gunia. Nani atawahi mlangoni?"

"Sasa unangoja nini, kaka? Itengue hiyo amri!"

"Ndicho ninachofanya."

Alibonyeza. Kikatokea kibao chekundu: Huna ruhusa. Akabonyeza tena. Huna ruhusa. Akaandika neno lake la siri upya, herufi moja moja, kama mtu anayemfundisha mtoto. Huna ruhusa.

Bwana Seva aliondoa mikono kwenye laptopu.

"Jana nilikuwa na ruhusa zote. Nimeondolewa leo saa moja asubuhi. Anayeweza kuniondoa ni Meneja peke yake. Na Meneja hamwondoi mtu mpaka aombwe."

"Aombwe na nani?"

Kabla hajajibu, nje kwenye korido viatu viligonga sakafu. Ko, ko, ko. Viatu vya ngozi. Kiwandani humu wote wanavaa mabuti ya mpira, isipokuwa Meneja ambaye hajafika, na mtu mwingine mmoja.

Bwana Seva alifungua mlango kwa nguvu. Korido tupu. Sekunde chache baadaye, uani, gari la msimamizi likawaka.

"Ametusikia," alisema Bwana Seva. "Mpigie fundi simu! Mwambie asiiwashe!"

Mvuke alitoa kisimu chake cha vitufe, akakitazama, akataka kulia.

"Namba yake iko kwenye ile simu."

*

Pikipiki ya Bwana Seva ina kiti kilichochanika, na Mvuke hakuwahi kupanda pikipiki ya mwanamume asiye ndugu yake. Siku hiyo alipanda bila kuambiwa mara mbili.

Fundi simu alikuwa amekaa nyuma ya meza yake ya kioo, anapuliza vumbi kwenye simu ya mtu.

"Umechelewa, dada! Mama yako kaichukua sasa hivi tu. Yule mama ana maneno! Kaniambia kioo nimekiweka upande. Nimemwambia, mama, kiko sawa, miwani yako ndiyo iko upande."

"Uliiunganisha na mtandao?"

"Niiunganishe na nini? Umeme hapa umekatika tangu asubuhi. Nimeiwasha tu kwa chaji iliyokuwemo, nikajaribu kamera, nikajaribu spika, basi. Kwani kuna nini? Mbona mmekuja mmekodoa macho hivyo?"

Mvuke hakusikia mwisho wa maneno. Namba moja tu duniani aliijua kwa kichwa, ya mama yake. Aliipiga. Inatumika. Akaipiga tena. Inatumika. Mara ya tatu ikapokelewa, na sauti ya kwanza kusikika ilikuwa ya cherehani.

"Mama! Simu yangu iko wapi?"

"Siku hizi salamu huna?"

"Shikamoo, mama. Simu iko wapi?"

"Marahaba. Ninayo hapa dukani, inawaka kama mpya. Tena mwenzako wa kazini amekuja, kaka mmoja mstaarabu, kavaa na tai. Anasema simu zenu zote zinatakiwa ziunganishwe leo. Kanifungulia hotspoti yake. Yeye ananitajia neno la siri, mimi naandika."

Mvuke alipaza sauti.

"Mama, usiandike!"

"Zipo herufi nane. Nimefika ya sita. Huku kuandika kwenye kioo kunanitesa, vidole vyangu vinagusa mbili kwa pamoja."

"Mama, usiandike hata herufi moja! Acha hapo hapo!"

"Sasa nimalize au nisimalize? Mmoja ananiambia hivi, mwingine vile. Halafu kwani simu hii ina nini? Kama kuna mtu humo, sema, mimi ni mama yako."

Kwa mbali, ndani ya simu, ikasikika sauti nyororo ya mwanamume. "Nipe tu, mama, nikumalizie. Zimebaki mbili."

Halafu kitu cha bati kikagonga, kwaa! Simu ikakatika.

Bwana Seva alikuwa amekwisha kuwasha pikipiki.

*

Duka la ushonaji la mama yake Mvuke liko mitaa miwili kutoka pale. Mvuke alishuka kabla pikipiki haijasimama vizuri. Akaingia.

Msimamizi alikuwa amesimama katikati ya duka, tai imemkaa sawa, mikono nyuma. Mama alikuwa mbele ya cherehani yake, futi shingoni, anashona. Lakini hakukalia kiti. Kiti kilisogezwa pembeni. Mama alikuwa amekalia kopo kubwa la biskuti, lile analowekea vifungo.

"Karibuni," alisema mama bila kuinua macho. "Huyu kaka alitaka kuninyang'anya simu. Nimeitia humu, nimefunika, nimekalia. Akiitaka aninyanyue."

"Mama, hakuna aliyetaka kunyang'anya," alisema msimamizi.

"Mkono ulikuja. Mimi nimelea watoto watano, mkono unaokuja naujua."

"Umepajuaje hapa?" Mvuke alimuuliza msimamizi, na yeye mwenyewe alishangaa kusikia anamsemesha hivyo mkubwa wake.

Msimamizi aliinua simu yake. Kwenye kioo palikuwa na picha ya Mvuke ya siku alipoajiriwa, chini yake jina la mama yake, namba ya duka na ramani ya kufika.

"Faili lako liko kwenye wingu, binti. Msimamizi yeyote analifungua, popote alipo."

"Basi funga hilo faili utoke dukani kwangu," alisema mama. "Nina nguo ya bibi harusi hapa, na bibi harusi mwenyewe kila wiki ananenepa."

Msimamizi hakucheka. Alimsogelea Mvuke, akashusha sauti, na kwa mara ya kwanza uso wake haukuwa wa mkubwa wa kazi. Ulikuwa uso wa mtu aliyekosa usingizi.

"Video hiyo umeitazama?"

"Nimeirekodi mwenyewe."

"Sikuulizi kama uliirekodi. Nauliza kama umeitazama."

Mvuke alilitazama kopo.

"Itazame vizuri kabla hujamwonesha mtu," alisema msimamizi. "Kisha jiulize kama mimi ndiye adui yako." Akatoka. Gari likaondoka.

Mama alinyanyuka. Mvuke alifungua kopo, akachimba kwenye vifungo kama anayetafuta kito, akatoa simu. Kioo kilikuwa kinawaka. Kwenye nafasi ya neno la siri palikuwa na vitone sita.

"Usiguse hapo!" alisema Bwana Seva. "Vuta juu. Bonyeza alama ya ndege. Hiyo. Ibonyeze mpaka ikolee."

Alama ya ndege ikakolea. Sasa simu ilikuwa kiziwi, haisikii mtandao wowote. Mvuke alikaa chini sakafuni kwenye vipande vya vitambaa.

"Haya, itoe kwa waya," alimwambia Bwana Seva. "Tupate nakala."

"Haitoki. Imo ndani ya programu ya kazi, na programu haitoi kitu nje, inapeleka kwenye wingu tu. Lakini icheze, mimi nitairekodi kwa simu yangu kutoka juu ya kioo. Hiyo haizuiliki."

Mvuke akaicheza.

Ilikuwa video ya sekunde arobaini. Geji ilionekana, mshale umepita mstari mwekundu. Sauti yake ikasikika inahema: "Saa moja na dakika kumi. Geji imepita. Valvu haiachii. Naenda kumwambia msimamizi." Kamera ikapanda kwenye valvu, ikatikisika, ikaisha.

"Umeokoka!" alisema Bwana Seva. "Dada, umeokoka! Rudia, safari hii narekodi."

Lakini Mvuke alikuwa ameisimamisha. Asubuhi ile, katika joto na haraka, alidhani valvu imekwama kwa kutu. Sasa alitanua picha kwa vidole viwili. Mkono wa valvu, ule unaotakiwa kujiinua mvuke ukizidi, ulikuwa umefungwa kwa kitambaa. Kitambaa cha kijani.

Alikijua. Kila mpiga pasi hufunga marobota yake kwa vipande vya mashuka yaliyochakaa, na kila rola ina rangi yake. Rola ya tatu hupiga pasi mashuka ya chumba cha upasuaji, na hayo ni ya kijani. Fundo lilikuwa na sikio moja, limelalia kushoto. Kiwanda kizima mtu mmoja tu anafunga fundo la namna hiyo.

"Mama Rola," alisema taratibu.

Bwana Seva aliinama akatazama. Hakuamini, akatazama tena.

"Kwa nini afanye hivyo? Si ndiye aliyeungua?"

"Kwa sababu ya ile rangi nyekundu," alisema Mvuke.

Tangu wingu lije, kila rola ina kidude cha kupima joto, na Meneja huliona joto hilo kwenye simu yake akiwa nyumbani, akiwa safarini, akiwa anakula. Valvu ikiachia mvuke, rola hupoa kidogo. Rola ikipoa, mstari wake kwenye simu ya Meneja unakuwa mwekundu, na papo hapo mpiga pasi anapata ujumbe kwenye simu yake mwenyewe: Rola yako imepoa. Eleza. Mama Rola alikuwa akipata ujumbe huo hata akiwa msalani. Alikuwa akimwonesha Mvuke, wanacheka. "Mwanangu, hii simu nimeinunua mimi," alisema siku moja, "lakini inanisema kama imenioa."

Na kila asubuhi, kabla ya zamu, Mama Rola alipita kwenye chumba cha boila kumsalimia Mvuke na kupasha vidole vyake joto. Ndiye aliyemsukuma akafanye mtihani wa kibali. Ndiye aliyemfundisha kusikiliza boila kwa sikio kabla ya kusoma geji.

Bwana Seva aliinua simu yake. "Hata hivyo, tunarekodi. Ukweli ni ukweli."

Mvuke aliushika mkono wake, kisha akauachia haraka kwa aibu.

"Usirekodi. Unaijua sheria? Aliyechezea kifaa cha usalama, kiwanda hakimtibu. Ameungua mikono yote miwili na kifua. Leo hii wakimtoa pale hospitali ataenda wapi?"

"Na wewe je? Bila video huna kazi wala kibali. Tena utabeba lawama ya kuungua kwake."

Mama, ambaye alikuwa ameacha kushona, aliuliza, "Kwenye kale kasimu, hicho kitambaa kinaonekana bila kukivuta?"

Walitazama. Bila kutanua, kwa mtu asiyejua, ilikuwa ni alama ndogo tu, nusu imefichwa na mvuke.

"Hakionekani," alisema Mvuke.

"Basi kaoneshe kwa kasimu," alisema mama. "Wasikie sauti yako, inatosha."

Ilikuwa saa tatu na dakika thelathini na tano.

*

Chumba cha kikao kina meza ndefu na skrini kubwa kama mlango. Meneja alikaa mwisho wa meza. Msimamizi alikaa kulia kwake, macho kwenye mikono yake. Kushoto alikaa mkaguzi wa boila kutoka serikalini, mzee mwenye miwani minene na kovu la zamani la moto kwenye kiganja. Yeye peke yake mezani ndiye aliyekuwa na kalamu na karatasi.

"Binti," alisema Meneja, "kwenye wingu hakuna ripoti yako. Na katika kiwanda hiki, kisichokuwa kwenye wingu hakikutokea."

"Ripoti ninayo, bosi. Simu haikupotea. Niliogopa kwa sababu niliipeleka kwa fundi wa nje. Kwa hilo niadhibuni."

Aliiweka simu mezani. Meneja aliitazama, akamtazama msimamizi, akatabasamu.

"Vizuri sana. Iunganishe na skrini, sote tuone."

Kwenye skrini kama mlango, kitambaa cha kijani kingekuwa na ukubwa wa shuka lenyewe.

"Haiunganishwi, bosi. Ikigusa waifai ya hapa inajifuta."

"Inajifuta kwa amri ya nani?"

"Yangu," alisema Bwana Seva kutoka mlangoni. "Nilitaka kuitengua asubuhi, bosi, nikakuta umeniondolea ruhusa."

Mzee mkaguzi aliinua kichwa. Alimtazama Meneja, akaandika kitu kifupi.

"Mimi sihitaji skrini," alisema. "Nipeni mkononi."

Aliishika simu karibu na miwani. Chumba kizima kikasikia: "Saa moja na dakika kumi. Geji imepita. Valvu haiachii. Naenda kumwambia msimamizi."

"Basi huyu alitoa taarifa," alisema mzee. "Saa hiyo hiyo, kwa sauti yake. Msimamizi, uliniambia hukuambiwa."

Msimamizi alilegeza tai yake.

Imekwisha, Mvuke aliwaza. Akanyoosha mkono kuichukua simu.

Mzee hakumpa. Aliirudia video tangu mwanzo. Ilipofika kwenye valvu aliisimamisha, na vidole vyake viwili vinene vikatanua picha taratibu, kama mtu aliyezoea kukagua vitu vidogo maisha yake yote.

"Hii valvu haikukwama," alisema. "Imefungwa. Kitambaa hiki cha kijani ni cha nani?"

Meneja hakujua, hajawahi kufunga robota hata moja. Waliojua mle ndani walikuwa watatu. Bwana Seva aliangalia dari. Msimamizi alifumba macho.

Mvuke aliwaza mikono ya Mama Rola, ilivyofungwa bandeji mpaka kwenye viwiko.

"Changu," alisema.

"Binti?"

"Ni changu, mzee. Niliifunga mimi."

Mzee alivua miwani. "Uliifunga mwenyewe, kisha ukajirekodi, kisha ukakimbia kwa msimamizi kujishtaki?"

"Ndiyo, mzee."

"Amekiri," alisema Meneja haraka. "Tumemaliza. Andika, mzee, kila mtu ana kazi."

Mzee alichukua kalamu. Aliishikilia juu ya karatasi muda mrefu. Kisha akaishusha kuandika.

Kiti kikaanguka kwa kishindo.

Msimamizi alikuwa amesimama, tai imepinda, jasho linamtiririka mpaka kwenye kola.

"Usiandike," alisema. "Usiandike jina la binti huyu. Wala usiandike la mama aliyeko hospitali." Alitoa simu yake mfukoni, akaiweka mezani kando ya ile ya Mvuke na kuisukuma kwa mzee. "Tangu juzi nimejaribu kunyamaza. Soma kwanza ujumbe nilioletewa mimi kuhusu ile valvu, nikaambiwa niupeleke kwa Mama Rola. Soma na jina la aliyeuleta."

Wote waligeuka kumtazama Meneja.

Meneja hakuitazama simu ile. Alikuwa ameinamia ya kwake, chini ya meza, na kidole gumba chake kinashuka kwenye orodha ya simu za wafanyakazi, jina kwa jina, haraka haraka.

Bwana Seva ndiye pekee aliyeelewa. Simu ya msimamizi haikuwa na alama ya ndege. Ilikuwa mezani, imeunganishwa na waifai ya kiwanda, inasikia kila kitu.

"Izime!" alipiga kelele, akairukia meza. "Mzee, izime hiyo simu, anaifuta!"